Namba Iliyokwenda kwa Mjomba

Nilipoacha kufundisha sekondari, watu waliniambia sasa nitapumzika. Waliosema hivyo hawajawahi kumsaidia kijana kuomba chuo kwa mtandao, hapa Ifakara, msimu wa udahili, umeme ukiwa na mambo yake.

Kituo chetu ni chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa. Mwenye duka ni mzee wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka pwani, ni mtu mwema, ila kila nikipita ananiuliza, "Mwalimu, wamefika wangapi chuoni?" kama vile nawapakia kwenye magunia. Ukuta wa pili ni mashine ya kukoboa mpunga. Inaanza kunguruma asubuhi, kwa hiyo kila ninachowaambia vijana nakisema kwa kupaza sauti, na pumba zinaingia dirishani na kutua kwenye kompyuta. Nafuta, zinatua. Nafuta tena.

Vijana wanaokuja kwangu ni wale waliofaulu kidato cha sita lakini nyumbani hakuna wa kuwaelekeza. Yatima, watoto wa vibarua, watoto wa wafugaji, mabinti waliozaa wakiwa shuleni wakarudi kumalizia. Nawafundisha kompyuta, nawasaidia kuchagua kozi, tunaomba udahili, tunaomba mkopo, nawaambia maisha ya chuo yalivyo. Kwenye taarifa za shirika linaloendesha kituo, kazi hii inaitwa huduma za maandalizi ya elimu ya juu. Mimi naiita kufukuzana na watu.

Makao makuu ya shirika yako Dar es Salaam. Huko kuna afisa miradi, kijana mwenye sauti nzuri, ambaye hajawahi kukaa Ifakara hata wiki nzima lakini anajua tunachohitaji. Mimi niliomba modemu ya pili na mtu wa kutengeneza kompyuta. Yeye akatuletea mhamasishaji.

Mhamasishaji alikuja amevaa suti ya kubana, katika joto lile. Akawaambia vijana wafumbe macho na wajione walivyo miaka ijayo. "Unaona nini? Unaona gari? Unaona ofisi yenye kiyoyozi?" Chumba kizima kilifumba macho. Kijana mmoja aliyekuwa ameendesha baiskeli tangu alfajiri alilala kabisa, akaanza kukoroma, na mhamasishaji akasema hiyo ni dalili ya akili iliyotulia. Nilitoka nje nikasimama kwenye pumba mpaka hasira zikapungua.

Binti ninayetaka kusimulia habari zake alikuwa amekaa mstari wa mbele siku ile. Hakufumba macho. Aliniambia baadaye kwamba aliogopa mtu asimwibie kalamu.

Alitoka Mbingu, kwenye barabara ya kwenda Mlimba. Wazazi wake walifariki akiwa mdogo, akalelewa na bibi yake, mama mmoja wa Kindamba anayelima mpunga. Ada, sare, madaftari na nauli za shule vilitoka kwa mjomba wake, ambaye ni mkata miwa kwenye mashamba ya huko mbele ya Sanje. Binti alikuwa mfupi, mkimya, mbishi kwa namna ya watu wakimya: hajibizani nawe, anafanya tu la kwake. Alifaulu vizuri sana masomo ya sayansi. Makao makuu walipoona matokeo yake walichanganyikiwa kwa furaha. Kabla hata hajaomba chuo, tayari walikuwa wamemwandika kwenye taarifa yao ya wafadhili: daktari mtarajiwa kutoka bonde la Kilombero.

Kila mwaka nina amri moja ambayo nairudia mpaka mdomo unakauka. Unapojaza maombi ya chuo, namba ya simu unayoandika iwe yako mwenyewe. Kama huna simu, andika ya kituo. Usiandike ya kaka, usiandike ya jirani, usiandike ya mchumba. Kwa sababu ukidahiliwa na vyuo zaidi ya kimoja, lazima uthibitishe unakwenda kipi, na ili uthibitishe unatumiwa namba maalumu kwenye simu uliyoandika. Bila namba hiyo, huna chuo. Nasema polepole. Nauliza, "Tumeelewana?" Wote wanaitikia, "Ndiyo madam."

Siku ya kujaza maombi yake umeme ulikatika kituoni. Yeye hakusubiri. Alikwenda steshenari moja karibu na stendi, akajaza huko, akarudi ametulia kama aliyetoka kununua chumvi. Nikamwuliza kama kila kitu kiko sawa. Akasema kiko sawa.

Majina yalipotoka alikuwa amepata vyuo viwili. Kimoja cha Mwanza, udaktari. Kingine cha Morogoro, sayansi ya mazao. Tulishangilia, mwenye duka akatuletea soda, mimi nikapiga simu makao makuu, afisa miradi akapiga kelele za furaha masikioni mwangu. Kisha nikamwambia binti afungue ujumbe wenye namba ya kuthibitisha, maana dirisha la udahili lilikuwa linafungwa kesho yake.

"Haijaingia kwangu, madam."

"Kwa nini haijaingia?"

Akaangalia kompyuta, akafuta pumba kwenye kitufe kimoja kwa kidole.

"Uliandika namba ya nani?"

"Ya mjomba."

"Mjomba gani?"

"Yule wa kwenye miwa."

Nilikaa chini. Nilikuwa nimesimama tangu asubuhi, lakini sikukaa kwa sababu ya uchovu.

"Nilisema nini kuhusu namba?"

"Ulisema tusiandike ya kaka, ya jirani wala ya mchumba," akajibu. "Mjomba hukumtaja."

Jamani. Nilimtazama nikidhani ananitania, lakini hakuwa anatania. Ndipo akaongeza kwa sauti ya chini, "Yeye ndiye aliyenisomesha. Alisema siku nikipata chuo, anataka habari imfikie yeye kwanza."

Nikampa simu yangu ampigie.

Alimsalimia vizuri. "Mjomba, shikamoo. Kuna ujumbe umeingia kwenye simu yako, una kodi. Naomba unisomee hiyo kodi."

Nilisikia sauti ya mwanamume ikitoka kwenye simu kwa ukali. "Kodi gani? Mimi sidaiwi kodi na mtu!"

"Siyo kodi ya serikali, mjomba. Kodi ya namba. Namba ya siri."

Kisha mjomba akasema, "Ahaa. Namba ya siri."

Nilijua tumekwisha. Nikachukua simu, nikajitambulisha kwa heshima zote. Nikamwambia mimi ni mwalimu wa binti yake, nipo Ifakara, binti kapata chuo, tunahitaji namba iliyoingia kwenye simu yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema:

"Nyie watu hamchoki? Mwaka jana mlinipigia mkajifanya walimu, mkasema mtoto kaanguka shuleni kaumia kichwa, nitume hela ya hospitali. Nikatuma. Leo mmetafuta na msichana wa kuigiza sauti yake. Mungu anawaona."

Akakata. Tukapiga tena, akakata. Mara ya tatu simu haikuita kabisa, alikuwa amenifungia. Tukajaribu kwa simu ya mwenye duka. Mzee wa watu aliongea naye kwa upole, akamwitia mpaka Mungu na Mtume wake, mjomba akamwambia aache kutumia dini kuibia watu. Mwenye duka alinirudishia simu akitikisa kichwa. "Huyu," akasema, "amefundishika."

Na kweli hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Kila siku redio inawatangazia watu wasimpe yeyote namba ya siri, na katika bonde zima la Kilombero mtu mmoja tu alikuwa amelishika somo hilo barabara, naye ndiye huyu.

Haikuwepo njia nyingine. Asubuhi yake mimi na binti tulipanda gari la Kidatu. Tukiwa tunapita Kiberege, afisa miradi akapiga. Alitaka picha ya binti akiwa ameshika kompyuta, anatabasamu, ikiwezekana nyuma yake kuwe na mpunga.

Nikamwambia, "Hajathibitisha chuo. Namba ya kuthibitisha iko kwa mjomba wake."

"Sawa, sawa. Lakini picha tunaweza kuipata leo?"

Nilizima simu. Binti alikuwa anaangalia nje, kama mtu anayekwenda sokoni. Nilimwuliza kama hana wasiwasi. Akasema anao. Sikuuona popote usoni mwake, na hilo nalo likanikera.

Tuliteremka baada ya Sanje, tukachukua bodaboda kuingia kwenye miwa. Walikuwa wamechoma shamba usiku uliopita, na masizi yalikuwa yanaruka kila mahali, yakitua kwenye nywele na kwenye blauzi yangu nyeupe niliyoivaa, sijui nilifikiri naenda wapi. Wakataji walikuwa wametawanyika kwenye vipande vyao, weusi kwa masizi kutoka kichwani mpaka kwenye buti, wote wanafanana. Binti ndiye aliyemtambua. Alisimama pembeni ya mstari akaita, na mtu mmoja mrefu akainuka na panga lake mkononi.

Walitazamana. Kisha mjomba akaliacha panga likaanguka.

"Mama!" akasema. Ndivyo anavyomwita, kwa kuwa kapewa jina la mama yake mjomba. "Ni wewe kweli ulikuwa unapiga?"

"Ni mimi, mjomba. Shikamoo."

"Marahaba. Na huyu?"

"Huyu ndiye mwalimu."

Mjomba akanitazama, akaitazama blauzi yangu yenye masizi, akafuta mkono wake kwenye suruali ambayo ilikuwa chafu kuliko mkono, akanipa. "Mwalimu, unisamehe. Nilikutukana sana."

"Yamekwisha," nikasema. "Tuonyeshe tu ule ujumbe."

"Niliufuta."

Nadhani nilifumba macho, na sikuona gari wala ofisi yenye kiyoyozi.

"Wanasema ukipata ujumbe wa namba hiyo, futa," akaendelea, akijieleza. "Nikafuta."

Kwa bahati mfumo unaruhusu kuomba namba upya, mradi uwe na mtandao, na pale katikati ya miwa simu yangu haikuwa na mtandao wowote. Ilibidi twende barabarani. Nikamwomba mjomba atupe kitochi chake, ile simu ndogo ya vitufe, twende nacho, tukirudishe baadaye. Akakishika kifuani kwa mikono miwili. Simu yake haitoki mkononi mwake, akasema. Kama ni kwenda tutakwenda wote. Akaongea na msimamizi, wakabishana, tukasubiri juani, hatimaye akaruhusiwa.

Tulikaa kwenye benchi la mama mmoja muuza ndizi, kando ya lami, Sanje. Nikafungua akaunti ya binti kwenye simu yangu. Kile kiduara cha kusubiri kilizunguka, kikazunguka, kikaniambia nijaribu tena baadaye. Nikajaribu. Mama wa ndizi alituletea ndizi bila kuombwa. Mjomba alikuwa ameshika kitochi mbele ya uso wake kama mtu anayesubiri kilie. Hatimaye kikalia.

"Imeingia," akasema.

"Isome," nikasema, kidole changu kiko tayari.

Hakusoma. Alimgeukia binti. "Kwanza niambie. Hivyo vyuo viwili ni vipi?"

Binti akamweleza. Udaktari, Mwanza. Mazao, Morogoro.

"Basi udaktari," mjomba akasema, akaanza kusoma. "Nne, saba..."

"Mjomba, mimi nakwenda Morogoro."

Akaacha kusoma. Mimi pia nilimgeukia. Hakuwahi kuniambia. Nilikuwa nimemwuliza, si mara moja, na kila mara alijibu, "Tutaona, madam," na mimi nikachukua jibu hilo kama kawaida yake.

"Morogoro kufanya nini?" mjomba akauliza.

"Kusoma mazao. Mpunga."

"Mpunga!" Akawa ameinuka. "Mimi nimekata miwa miaka yote hii, mgongo umeisha, ili mtu akasomee mpunga? Mpunga bibi yako anaujua bila kwenda chuo!"

"Anaujua," binti akasema. "Ule mwaka viwavi walipomaliza shamba lote, nani alikuja kumwambia afanye nini?"

"Hakuna aliyekuja."

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi ndiyo hivyo."

Mjomba akakiweka kitochi mfukoni. "Sisomi."

Na binti, ambaye chuo chake kilikuwa mfukoni mwa suruali ile, akamenya ndizi akaanza kula. Hakulia, hakubembeleza. Nilitamani kuwagonganisha vichwa. Dirisha lilikuwa linafungwa siku ileile, namba zenyewe hazikai muda mrefu kabla hazijaisha nguvu, na hawa wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi moja wakitazama malori ya miwa yakipita, kila mmoja anasubiri mwenzake achoke.

"Mwalimu," mjomba akasema mwishowe, "wewe umesoma. Sema ukweli. Daktari na huyo wa mpunga, nani atapata kazi?"

Kila anayefanya kazi yangu ana majibu ya swali hilo. Mhamasishaji alituachia mengi. Lakini nilikuwa na masizi machoni, na nilikuwa nimechoka.

"Sijui," nikamwambia. "Ninawajua madaktari waliomaliza wako nyumbani Ifakara wanasubiri ajira. Na wa kilimo ninawajua, wako nyumbani vilevile. Naweza kukudanganya ukitaka, lakini sijui. Ninachojua ni kwamba asipothibitisha leo, hata hicho cha kubishania hatakuwa nacho."

Mjomba akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyekerwa. "Wewe ni mwalimu wa kwanza kuniambia hujui," akasema. "Wale wengine wote waliniahidi mambo."

Akatoa simu mfukoni. Akamwuliza binti, safari hii taratibu, "Huko Mwanza hutaki kwa sababu ni mbali na bibi?"

"Hiyo nayo," binti akasema. "Na damu, mjomba. Nikiona damu naanguka. Unakumbuka siku ulipojikata mguu?"

"Ulianguka wewe, wakaacha kunihudumia mimi," mjomba akasema. Akamnyooshea kitochi. "Soma mwenyewe."

Alisoma namba, mimi nikaandika. Kiduara kikazunguka tena, na kwa mara ya kwanza siku ile nilimwona binti amekunja ngumi juu ya magoti. Kisha skrini ikasema amethibitishwa, Morogoro. Mjomba akataka aone mwenyewe. Akaisogeza simu yangu karibu na macho, akasoma neno moja moja, jina la binti, jina la chuo. Alipomaliza akasema anarudi kazini, msimamizi asije akampa mtu mwingine kipande chake. Akaondoka na buti zake kando ya lami. Mbele kidogo alisimama, akaweka simu sikioni, akaanza kumpigia mtu kelele kwamba mtoto wetu amepata chuo, tena Morogoro, anakwenda kusomea mambo makubwa ya kilimo.

Afisa miradi hakufurahi. Nilimweleza kwa simu, akauliza kama tunaweza kuacha neno daktari kwenye taarifa kwa sasa, maana limeshachapwa. Wiki ya binti kuondoka alikuja mwenyewe, na mpiga picha, na koti jeupe la hospitali ambalo sijui alilitoa wapi. Binti alikuwa amefika kituoni kuniaga, na mchele wa bibi kwenye gunia dogo na godoro limefungwa kamba. Afisa alimwomba avae koti dakika chache tu. Binti akamsikiliza kwa adabu, akamwambia, "Samahani kaka, basi langu linaondoka," akabeba godoro lake akapanda bajaji. Afisa akanigeukia, koti mkononi, akaniuliza kama kuna kijana mwingine anayeweza kulivaa. Nikamwambia avae yeye.

Sasa binti yuko mwaka wa pili. Muhula wa kwanza mkopo wake ulichelewa, akaishi kwa ule mchele na kwa kudra. Nilipiga simu ofisi moja baada ya nyingine, kila ofisi ikinielekeza kwenye ofisi niliyotoka kuipigia, mpaka siku moja hela ikaingia bila mtu kunieleza kilichokuwa kimeikwamisha. Likizo iliyopita alikwenda Mbingu. Siku chache baadaye bibi yake alinipigia kwa simu ya jirani.

"Mwalimu, mmemfanya nini mtoto wangu?"

Nikaacha kufuta pumba. "Kuna nini, bibi?"

"Ananibishia! Kila kitu anabisha. Mbegu hii siyo, maji haya mengi, miche imebanana. Asubuhi mpaka jioni. Nikimwambia aache, anasema ndiyo bibi, halafu anafanya la kwake."

"Pole sana, bibi," nikamwambia.

"Pole haisaidii. Mwambie anyamaze, anakuheshimu wewe."

Nikamwambia nitajaribu. Nikampigia binti, nikamweleza malalamiko ya bibi yake yote, mwanzo hadi mwisho.

"Sawa, madam," akasema. Kisha akaniuliza kama naweza kumtafutia mtu wa kumpimia udongo wa shamba la bibi, maana alikuwa ameshauchimba.